Kadi ya Mwezi Ujao

Mafundi wote ninaowajua wana neno moja wanalolipenda: kesho. Fundi viatu, kesho. Fundi bomba, kesho, na hiyo kesho ikifika simu haipokelewi. Mimi mwenyewe ni fundi cherehani na sijitoi; nimewahi kumwambia bibi harusi "njoo kesho" huku kitambaa chake kiko kwenye mfuko vilevile alivyokileta. Mume wangu ni fundi saa, na neno hilo halimo kinywani mwake. Ukimpelekea saa anaifungua mbele yako, anaweka lenzi jichoni, anachungulia, kisha anakwambia moja kati ya mawili: "Kaa kwenye stuli hapo," au "Hii siiwezi, usipoteze muda wako." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Leo, na wapo ambao ukiwatajia jina lake halisi watakuuliza ndiye nani huyo.

Anafanyia kazi kwenye kibanda chenye vioo mbele, kimeegemea ukuta wa duka la dawa. Ndani kuna taa yenye shingo ya kupinda, droo ndogondogo na harufu ya mafuta ya mashine. Ana desturi moja isiyobadilika. Kifaa kilichochakaa akishakitoa kwenye saa hakirudi ndani, hata kiwe bado kinaweza kusukuma siku mbili tatu. Anakifunga kwenye kikaratasi anampa mwenye saa, au anakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu iliyo chini ya meza. "Kilichotoka kimetoka," husema. Anaamini kwamba mafundi wanaorudisha vya zamani na kudai wameweka vipya ndio walioichafua kazi.

Sasa mtu huyo, wa leo ni leo asemaye kesho mwongo, ndiye aliyekaa miaka akingoja kadi ya kompyuta iliyokuwa inakuja mwezi ujao.

Nianze na kompyuta yenyewe. Aliipata kwenye ofisi moja alikokwenda kutengeneza saa ya ukutani. Walikuwa wanahama, wanatupa vitu. Ni ya enzi zile ambapo mashine na kibodi vilikuwa kitu kimoja. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, unaichomeka kwenye televisheni, na programu zake zinatoka kwenye kanda za kaseti. Ukiipiga kanda hiyo kwenye redio unasikia makelele ya paka wawili wanaogombea samaki. Ofisi nzima ilijua haina kazi tena. Mume wangu aliibeba kwa mikono miwili, akaifunika kwa koti lake kwa sababu kulikuwa na manyunyu, na yeye akaingia nyumbani amelowa chepechepe.

Binti yetu alikuwa darasa la tano. Baba yake alimwita Kifaranga, na mpaka leo ana kazi yake na mshahara wake lakini bado ni Kifaranga. Wawili hao waliketi na kile kitabu cha maelekezo jioni baada ya jioni. Mume wangu aliacha shule mapema akafundishwa saa na mjomba wake, kwa hiyo kusoma kwake ni kwa polepole: kidole chini ya neno, midomo inacheza. Kifaranga alikuwa ameshafika ukurasa wa pili huku baba yake bado anapambana na aya ya kwanza, lakini walipofika kwenye kuunganisha nyaya, hapo mtoto alikaa pembeni akatazama. Baada ya muda akatunga mchezo wake mwenyewe, akauhifadhi kwenye kanda. Mchezo uliitwa Kuku.

Kuku alikuwa alama ndogo nyeupe chini ya skrini. Magari yalikuwa vipande vyeupe vinavyopita kulia na kushoto. Kazi yako ni kumvusha kuku barabara tatu. Akigongwa, skrini inafutika na yanatokea maneno: POLE BABA. JARIBU TENA. Haikuandikwa pole mama, kwa sababu mimi nilikuwa na magauni ya watu. Kila jioni baada ya kula nilisikia vidole vinagonga kibodi, kisha mtoto anacheka, kisha mume wangu analalamika kwamba lile gari la tatu halikuwepo. Hakuwahi kumvusha yule kuku hata mara moja. Nilikuwa nakanyaga cherehani yangu huku nawasikiliza, na nakiri wazi kwamba sijapata kuwa na raha kama ile.

Kifaranga akakua, akasomea uuguzi, akapata kazi mji mwingine. Kompyuta ikabaki kwenye meza yake ya kona chini ya kitambaa nilichoishonea, chenye pindo la lesi, maana nilikuwa na mabaki. Kisha mume wangu akanunua simu kubwa, na ndani ya simu akakuta kundi la watu wanaopenda kompyuta za aina ile. Nilidhani yuko peke yake duniani. Kumbe wako wengi, wamesambaa nchi mbalimbali, na wote wanatumiana picha za mashine zao kama watu wanavyoonyeshana wajukuu.

Humo ndimo alimosikia habari za kadi. Vijana wawili, ndugu, walitangaza kwamba wanatengeneza kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta hiyo mahali pa chipu za zamani. Ukiiweka, mashine itapata kumbukumbu kubwa, rangi, na kasi mara nyingi kuliko ya mwanzo. Kadi ilikuwa tayari kabisa, bado vitu vidogo tu. Itatoka mwezi ujao.

"Kifaranga akija likizo ataikuta imekuwa mpya," mume wangu akaniambia. Macho yalikuwa yanang'aa. "Kuku atakuwa na rangi. Atakuwa na mabawa."

"Umeiona hiyo kadi?"

"Nimeona picha."

"Hata mimi nina picha ya gauni ambalo sijalishona," nikamwambia.

Mwezi ujao ukafika, kadi haikufika. Kiwanda kilichelewa. Mwezi uliofuata, kadi zilikuwa zimetoka lakini tundu moja lilikuwa upande usio wake, zote zikarudishwa. Kisha wakawa wanajadiliana rangi ya boksi. Kisha mmoja wa wale ndugu akaoa. Mume wangu alifurahi kama aliyeoa ni mpwa wake, akawatumia salamu za pongezi. Nikamwambia huyo bwana harusi atapata mtoto kabla hatujapata kadi. Basi mtoto akazaliwa, picha yake tukaiona kwenye kundi, akaota meno, akasimama dede. Kadi bado vitu vidogo tu.

"Subira yavuta heri," mume wangu akasema.

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo," nikamjibu, nikaendelea kutia uzi kwenye sindano.

Ningemwachia hayo mambo yake, kila mtu ana ugonjwa wake. Lakini siku moja nikamkuta ameifungua kompyuta, kifuniko kiko pembeni, na kwa kibano chake cha saa anachomoa chipu moja moja. Ameandaa nafasi, akasema. Wale vijana wameandika kwamba kadi zinafungashwa, na wameshauri kila mtu atoe chipu za zamani, asafishe vitundu, ili kadi ikifika iingie palepale.

"Baba wee, mgeni hujamwona hata vumbi lake, wewe ushakunja mkeka unaolalia? Si ungoje ifike ndipo uchomoe?"

"Hizi zimechoka."

"Usitupe mbachao kwa msala upitao."

Hapo nilimgusa pabaya. Aliamka na zile chipu kiganjani, vidude vyeusi vyenye miguu kama tandu, akaenda mpaka kwenye ndoo ya chakavu aliyokuwa ameileta nyumbani, akazimimina. "Kilichotoka kimetoka," akasema. "Ndiyo ujue naamini kadi inakuja."

Akaenda kuoga. Mimi nikainama kwenye ndoo.

Nilikuwa nimemwona mara nyingi akifunga vitu kama vile kwenye karatasi ya kung'aa, ile inayokuwa ndani ya pakiti za biskuti, kwa hiyo nikafanya hivyo hivyo. Nilizifunga vizuri, nikaziweka kwenye droo ya cherehani yangu nyuma ya vifungo na zipu. Cherehani hiyo ni ya chuma, alinirithisha shangazi yangu, na hakuna kijana yeyote aliyewahi kuniahidi kuiongezea kasi. Nilijiambia siku mume wangu atakayotamka kwa mdomo wake kwamba kadi haiji, nitamtolea. Hakutamka. Mwenye kuchukua vyuma chakavu akapita akaondoka na vilivyokuwa ndooni, na kompyuta ikabaki wazi tumbo nje chini ya kitambaa changu cha lesi. Kifaranga alikuja likizo akaikuta hivyo, akaambiwa mwezi ujao. Akaja likizo nyingine, akaambiwa mwezi ujao. Alikuwa mtoto mwenye adabu, akakirudisha kitambaa.

Kisha akaja kuaga. Alikuwa amepata kazi hospitali moja nchi ya mbali, mkataba wa miaka kadhaa, na alikuwa na wiki moja tu ya kukaa nasi. Nilimpikia kila alichotaja. Siku ya kwanza baba yake alimuuliza anataka nini cha kuondoka nacho, akitegemea pengine ataomba saa nzuri.

"Nataka tucheze Kuku, baba," akasema. "Mara moja tu. Halafu niende."

Mume wangu akacheka, akapiga paja. "Utacheza kwa rangi! Wametuma. Safari hii wametuma kweli, wametoa na namba ya kufuatilia mzigo."

Kila asubuhi wiki ile, kabla ya kufungua kibanda, alikwenda posta. Kila asubuhi alirudi na bahasha za wapangaji wenzetu. Namba ya kufuatilia ilisema mzigo uko njiani, ila haikusema njia gani. Jumatano alianza kula kidogo. Ijumaa hakumtazama binti yake usoni. Mimi nilikuwa nakunja nguo za safari. Nilikuwa na hasira na wale ndugu wawili kana kwamba wako sebuleni kwangu wamekaa kwenye viti.

Jumamosi posta hufunga adhuhuri. Alirudi mikono mitupu, akaketi mbele ya ile mashine iliyo wazi. Kifaranga alikuwa ameenda kuwaaga majirani. Kesho yake asubuhi alikuwa anaondoka.

"Mama," mume wangu akaniita, hivyo ndivyo anavyoniita. "Nimemnyima mtoto kitu kimoja alichoniomba. Kilikuwa hapa hapa mezani, nikakitupa kwa mkono wangu."

"Na kadi?"

Alipitisha kidole kwenye vitundu vitupu. "Kadi haiji," akasema.

Sikungoja aseme mara ya pili. Nilivuta droo ya cherehani, nikasukuma vifungo, nikamwekea mezani kile kifurushi cha karatasi ya kung'aa. Alikifungua kwa kucha. Alitazama zile chipu, akanitazama mimi, akazitazama tena.

"Ulizitoa ndooni."

"Sikuwaamini wale vijana hata siku moja. Akiba haiozi."

Nilidhani atacheka. Badala yake aliweka mikono mapajani. "Kilichotoka kimetoka," akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza. Miaka yote hiyo hajawahi kurudisha kitu. Nikaona kweli anahangaika nalo, na nikaona mwanaume mzima anaweza kushindwa na sheria aliyojitungia mwenyewe.

"Hiyo ni kwa saa za watu," nikamwambia. "Hii ni ya mwanao. Weka lenzi yako jichoni, baba, jua linazama."

Akaweka lenzi. Nilimshikia taa. Miguu ya chipu mbili ilikuwa imepinda, akainyoosha mmoja mmoja kwa kibano, anapumua kupitia puani kama afanyavyo kwenye saa za kike. Mguu mmoja ulikatika kabisa. Nilishtuka, yeye hata hakupepesa. Alilehemu kipande cha waya mwembamba kuliko uzi wangu wa kudarizi. Kifaranga aliporudi alitukuta tumeinamiana vichwa, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

Walichomeka televisheni. Walitia kanda. Mara ya kwanza ikakataa. Mume wangu akachukua bisibisi ndogo, akawa anazungusha skrubu iliyo kwenye kinasa sauti huku ametega sikio kwenye yale makelele ya paka, mpaka aliposikia alichokuwa anakitafuta, mimi sijui nini. Mara ya pili ikapokea. Yule kuku mweupe akatokea chini ya skrini.

Binti yangu alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Walicheza mpaka chakula kikapoa, na sikuwagombeza. Mume wangu aligongwa barabara ya kwanza, akagongwa ya pili, akalalamikia lile lile gari la tatu. POLE BABA. JARIBU TENA. Safari hii sikuwa na gauni la mtu, nilikaa nao, nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukiona nikiwa kwenye cherehani. Yale maneno yanakaa kwenye skrini muda mrefu mno. Unaweza kunywa maji ukarudi.

"Mbona inazubaa hivi?" nikauliza. "Imekwama?"

Kifaranga akacheka, akamtazama baba yake kwanza. "Niliiambia ihesabu, mama. Inahesabu kimoyomoyo mpaka namba kubwa, ndipo ifute. Mwanzoni ilikuwa inafuta haraka, baba anakuwa hajamaliza kusoma. Nikaipa hesabu ili imngoje."

Mume wangu aligeuka. "Hukuniambia."

"Ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa unasoma."

Asubuhi tulimsindikiza. Nililia hadharani, sikujali. Mume wangu alibeba begi kubwa mpaka alipoambiwa mwisho wa wasindikizaji ni hapa, na hata hapo alitaka kubishana. Tukarudi nyumbani, nikanawa uso, maisha yakaendelea. Kifaranga akawa anapiga simu kila Jumapili. Baada ya salamu baba yake anampa matokeo: amefika barabara ya pili, amegongwa.

Miezi ikapita, kisha mchana mmoja mtu wa vifurushi akabisha hodi. Alikuwa na boksi dogo, lile lile walilogombania rangi. Kadi ilikuwa imefika.

Sasa nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi niliyeidharau kadi ile miaka yote ndiye niliyekimbilia mkasi. Mume wangu alirudi kutoka kibandani akakuta boksi liko katikati ya meza, nimeshalipangusa vumbi. Alizitoa chipu za zamani polepole. Safari hii hakutazama ndoo. Alizifunga kwenye karatasi yao na kunikabidhi mkononi. "Weka huko kwako," akasema.

Kadi ikaingia sawasawa, haki ya mtu apewe. Mashine iliwaka mara moja, na rangi za kwanza zilikuwa nzuri, buluu na njano, nikapiga makofi. Tukatia kanda ya Kuku.

Magari yalikuwa yanapita kwa kasi kiasi kwamba hayakuonekana. Barabara zote tatu zilikuwa mistari myeupe inayotetemeka. Mume wangu hata hakuwahi kugusa kibodi, kuku ameshagongwa. Skrini ikapepesa, kuku yuko chini tena, ameshagongwa tena. Inapepesa, inapepesa.

"Yako wapi maneno?" nikauliza.

"Yamepita." Aliusogeza uso karibu na kioo, akaweka na lenzi yake. "Ile hesabu inaimaliza papo hapo. Inafuta kabla sijasoma." Alijaribu tena, na tena. Kisha akazima. "Nimengoja mwendo kasi miaka yote hii," akasema, "na sasa siwezi kusoma mwanangu alichoniandikia."

Akachukua simu kuuliza kwenye kundi. Jibu la wale ndugu lilikuja upesi, hapo walikuwa hodari. Akalisoma kwa kidole, midomo inacheza, kisha akanisomea kwa sauti: malalamiko kama hayo wameyapata, asiwe na wasiwasi, toleo la pili la kadi litakuwa na swichi ya kurudisha mwendo wa zamani. Liko tayari kabisa. Bado vitu vidogo tu.

"Lini?" nikauliza, ingawa nilijua.

Alijitahidi kukaza uso, akashindwa. "Mwezi ujao."

Tulicheka mpaka nikajishika mbavu, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Kisha akachukua bisibisi, akaichomoa ile kadi, akanipa, nikaiweka kwenye droo pamoja na zipu. Akanyoosha kiganja.

"Nipe zangu," akasema.

Nikampa. Alizirudisha moja moja, hakusema neno lolote kuhusu kilichotoka. Tukatia kanda, paka wakagombana, kuku akatokea. Mume wangu alimvusha barabara ya kwanza, akamvusha ya pili, na lile gari la tatu likamgonga kama kawaida.

Maneno yakatokea. Mume wangu akaweka kidole kwenye kioo chini ya neno la kwanza, midomo ikaanza kucheza, pole, baba, jaribu, na mashine ikamngoja mpaka akamaliza.